Magazeti ya Muziki na Hadhira Zake: Mfano wa Migori na Homa Bay

Katika nchi zilizotangulia kuwa na viwanda vya santuri, aghalabu kila aina ya muziki imekuwa na gazeti lake, na kila gazeti limekuwa na watu wake. The Gramophone, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1923 na mwandishi Compton Mackenzie, liliwaandikia wapenzi wa muziki wa okestra waliokuwa na uwezo wa kununua mashine na sahani zake. Melody Maker lilipotoka mwaka 1926 liliwalenga wapigaji wenyewe, hasa wa bendi za dansi. Down Beat la Chicago, la mwaka 1934, lilijulikana kwa jazi; Kerrang! la mwaka 1981 kwa roki nzito. The Source, lililoanza mwaka 1988 kama karatasi ya habari ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa hip-hop. Mtu akifunikiwa majina ya magazeti hayo, akapewa aya moja moja tu azisome, hatashindwa kutambua lipi ni lipi. Msamiati si mmoja, urefu wa sentensi si mmoja, wala namna ya kumwita msomaji si moja. Lugha ya gazeti ni ushahidi wa hadhira yake, na ndiyo sababu wachunguzi wengi wa muziki huanzia hapo.

Njia hiyo ya uchunguzi ikihamishiwa Migori na Homa Bay huleta jibu la ajabu. Muziki umejaa, na magazeti ya kuuhusu hayaonekani. Magazeti ya Kenya yaliyogusia muziki yametungwa kwa wingi Nairobi na kwa ajili ya Nairobi. Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikuwa gazeti la vichekesho na maisha ya mjini. Pulse, nyongeza ya The Standard, ililengwa kwa vijana wanaosoma Kiingereza na kuzungumza Sheng. Mvuvi wa Mbita au mkata miwa wa Awendo hakuwa msomaji wa yote mawili. Je, isemwe basi kwamba muziki wa huko hauna hadhira inayoweza kuelezwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi za gazeti la muziki, yaani kutaja watu, kutangaza, kupima na kumpa msikilizaji nafasi ya kujibu, zimefanywa katika eneo hilo na wimbo wenyewe, na kwa kiasi fulani na chapa ya santuri pamoja na redio. Suala hili lina uzito kwa idara za lugha. Zimekusanya ngano na methali kwa bidii, lakini santuri zimeachwa kando kwa hoja kwamba ni bidhaa za biashara. Wakati huohuo sahani zinachakaa, na watu wanaoweza kueleza majina yaliyomo ndani yake wanazidi kupungua.

Eneo na lugha zake

Kaunti za Migori na Homa Bay, zilizoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nyanza ya Kusini, ambayo makao yake yalikuwa mji wa Homa Bay. Kijaluo ndicho lugha kubwa. Wasuba wa Mfangano, Rusinga na Gwassi walihamia Kijaluo kwa vizazi kadhaa, hata Kisuba kikawa mfano unaotajwa mara nyingi wa lugha inayofifia. Upande wa Kehancha na Isebania ni wa Wakuria, ambao lugha yao inavuka mpaka mpaka Tarime. Katika masoko ya miji Kiswahili husikika kila siku.

Fedha za eneo hili zimetoka ziwani, katika mashamba ya tumbaku na miwa, na katika machimbo. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi miaka ya 1960, na baada ya kufungwa kwake wachimbaji wadogo waliendelea. Kampuni ya Sukari ya Nyanza ya Kusini iliundwa mwaka 1979. Mambo haya si ya pembeni. Mahali mtu anapolipwa fedha taslimu, iwe ni ufukoni samaki wanapopimwa au mjini siku ya mshahara, ndipo bendi inapopata wa kumwimbia.

Tanzu zenyewe zinajulikana vya kutosha. Nyatiti ni kinanda cha nyuzi nane, ambacho mpigaji wake hukaa kigodani, njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu ya kugongea mbao ya kinanda. Jirani zake ni obokano la Wakisii na iritungu la Wakuria. Orutu ni fidla ya uzi mmoja. Onanda ni muziki wa kodiani, na jina lake halifichi undugu wake na neno la Kiswahili kinanda. Ohangla ni muziki wa ngoma nyingi, uliokuwa wa watu wazima kwa sababu ya maneno yake, kabla ya kuingiziwa kinanda cha umeme na kupelekwa katika kumbi za vijana. Benga ilichipuka katika miaka ya 1960, wapiga gitaa walipohamishia katika gitaa mwendo wa nyuzi za nyatiti. Asili ya neno benga inabishaniwa, na ubishi huo haufai kurefushwa hapa.

Jambo linalofaa kurefushwa ni uhusiano wa tanzu hizi na watu wanaozilipia.

Pakruok na ukurasa wa barua

Katika Kijaluo kitenzi pako ni kusifu. Pakore ni kujisifu. Na pakruok ni nomino inayotokana na hali hiyo ya kujirejelea. Kwa umbo, basi, pakruok inakaribiana na majigambo ya Kiswahili, na baadhi ya waandishi wamezichukua mbili hizi kuwa kitu kimoja. Ukaribu huo ni wa sarufi kuliko wa desturi. Katika majigambo, anayejisifu ndiye mtungaji na ndiye msemaji, hadhira husikiliza. Katika pakruok, anayejisifu ni msikilizaji. Mpigaji wa nyatiti yumo katikati ya wimbo. Mtu anasimama, anatoa fedha, muziki unasimamishwa au unashushwa sauti, na mtu huyo anatamka sifa zake, za ukoo wake, za rafiki zake na za mwanamke aliyemwoa. Akimaliza, nyuzi zinarudi. Akitokea mwingine mwenye fedha na maneno makali zaidi, muziki unasimama tena.

Hapa ndipo penye kazi ya ukurasa wa barua za wasomaji. Gazeti huchapa barua kwa sababu mbili: kuwajua wasomaji na kuwafanya wajisikie ni wenyeji. Pakruok ilifanya yote mawili kabla ya gazeti kufika, na ilifanya jambo la tatu ambalo gazeti haliwezi: ilimlazimu msikilizaji athibitishe ufundi wake wa lugha papo hapo. Mtu mwenye fedha asiye na maneno hucheka mwenyewe akaketi.

Ulinganisho na taarabu ya Unguja na Mombasa unasaidia zaidi kuliko ule wa majigambo. Katika taarabu pia msikilizaji huinuka katikati ya wimbo na kumtunza mwimbaji. Lakini mtunzaji wa taarabu huinuka penye ubeti unaomfaa, bila kusema lolote; maneno ni ya mwimbaji, shabaha haitajwi, na wanaojua wanajua. Ubingwa wake umo katika kuficha. Mlipaji wa pakruok hujitaja kwa jina, kwa baba, kwa kijiji na kwa kazi. Kutoka desturi hizi mbili huzaliwa aina mbili za matini. Matini ya taarabu inaweza kutumiwa na mtu yeyote mahali popote kwa sababu imeacha nafasi ya jina wazi. Matini ya pakruok imejazwa tayari.

Benga ilirithi desturi hii, ikaigeuza. Santuri ya mizunguko 45 ilikuwa na dakika chache kila upande, na studio haikuwa na nafasi ya mtu kusimama ajisifu. Mwimbaji akachukua kazi hiyo: akawa yeye anayemtaja mfadhili ndani ya wimbo, mara nyingi kwa mtindo wa wuod fulani, yaani mwana wa fulani, au nyar mahali fulani, yaani binti wa huko. Msikilizaji akisikia nyar Karachuonyo, nyar Kanyamwa au nyar Kadem anapewa ramani. Viambishi ja- na jo-, vya mtu mmoja na watu wengi wa mahali, hufanya kazi hiyohiyo. Mtu akizichora pwani za ziwa kwa kufuata majina yaliyotajwa katika santuri za bendi moja, ataona bendi hiyo ilikopiga na ilikolipwa, kama vile orodha ya mawakala nyuma ya gazeti inavyoonyesha linakouzwa.

Kwa hiyo neno hadhira, ambalo wahakiki hulitumia kana kwamba ni kitu kimoja, linahitaji kupasuliwa. Kuna anayelipa. Kuna anayetajwa, ambaye si lazima awe mlipaji, maana mtu aweza kulipa ili mama yake au mchumba wake atajwe. Kuna anayecheza, ambaye anangoja ile sehemu ya mwisho gitaa zinapokaza na maneno yanapopungua. Na kuna anayesikia tu, nyumbani au katika basi, asiyewajua wote hao lakini akawazoea majina kama mtu anavyowazoea wahusika wa hadithi. Katika gazeti mlipaji na msomaji hukaribiana sana. Katika benga waweza kuwa mbali, na matini hubeba alama za kila mmoja.

Yako malalamiko ya haki dhidi ya desturi hii. Inasemwa kwamba utajaji wa majina umeigeuza nyimbo nyingi kuwa matangazo, na kwamba mwimbaji anayeishi kwa majina hana tena sababu ya kutunga fumbo. Kwa sehemu ni kweli. Zipo rekodi za karibuni ambazo ukiondoa majina hubaki kibwagizo na gitaa. Aidha, mwenye kipato kidogo hutajwa kwa nadra, na mwanamke mara nyingi hutajwa kama nyar au kama mke, ilhali mwanamume hutajwa kwa kazi na cheo. Hata hivyo malalamiko hayo husahau kwamba gazeti pia huishi kwa matangazo, na hakuna aliyekataa kuyachunguza magazeti kwa sababu hiyo.

Mfano wa kinyume upo karibu. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori, akafanya kazi yake kubwa Kenya na bendi ya Shirati Jazz hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi wa Mei 2006. Naye alitaja watu. Lakini alijulikana zaidi kwa mafumbo yaliyowatumia wanyama na visa vya Biblia kusema mambo ya utawala, na alikamatwa Kenya zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake. Ndani ya kazi ya mtu mmoja zimo matini zenye jina wazi na matini zenye jina lililofichwa. Msikilizaji wa Migori alipaswa kujua lini mnyama ni mnyama tu na lini ni mtu mkubwa. Hiyo ndiyo elimu ambayo gazeti la uhakiki humpa msomaji wake. Hapa ilitolewa kwa mazungumzo, katika baa na katika vilio vya matangani.

Chapa ya santuri

Kabla ya kusikia chochote, mnunuzi wa miaka ya 1970 aliona karatasi ya duara katikati ya sahani. Hiyo ilikuwa na jina la bendi, jina la wimbo, mtungaji, na chapa ya mtoaji. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alitoa santuri kwa chapa kadhaa, zikiwamo Lolwe na Sungura. Lolwe ni jina la Kijaluo la Ziwa Viktoria; Sungura ni neno la Kiswahili. Mchoro na jina vilimwambia mnunuzi asiyesoma sana ashike ipi na aache ipi, kama jalada la gazeti linavyofanya dukani.

Kilichotokea baadaye ni onyo kwa kila anayedhani kwamba lugha ya wimbo ndiyo mpaka wa hadhira yake. Santuri za Kanindo zilisafirishwa hadi Afrika ya Kusini mwa bara, na katika Zimbabwe watu wasiojua neno la Kijaluo walizicheza kwa mapenzi makubwa. Wakauita muziki huo kanindo, kwa jina la mtoaji. Na muziki wa gitaa wa Zimbabwe uliokuja kutawala katika miaka ya 1980 ukaitwa sungura, jina lililochukuliwa kutoka ile chapa ya santuri. Ni nadra katika historia ya istilahi za muziki kwa aina nzima kupata jina lake kutoka katika karatasi ya katikati ya sahani. Neno la Kiswahili lilifika huko likiwa limepakiwa na muziki wa Kijaluo, na wapokeaji hawakuhitaji maana ya lolote kati ya hayo mawili. Wale wote waliotajwa, wana wa fulani na mabinti wa huko, walikwenda nao Harare wakiwa sauti tu.

Safari ya kwenda Ulaya ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 1989 Shirati Jazz ilikuwa na albamu mbili sokoni Uingereza, Benga Blast! na Piny Ose Mer. Wanunuzi wake walikuwa wasomaji wa magazeti kama Folk Roots, watu waliozoea kuelezwa asili ya kila ala. Mtu wa London alinunua muziki pamoja na maelezo ya Kiingereza kuhusu benga, Wajaluo na ziwa. Mnunuzi wa Homa Bay, miaka kumi na mitano kabla yake, alipewa jina la wimbo na jina la mtungaji basi, kwa kuwa mengine yote alitazamiwa kuwa nayo kichwani. Hata kazi nzuri ya Ketebul Music ya Nairobi ya mwaka 2008, iliyokusanya historia ya benga katika kitabu, sauti na filamu, iliandikwa kwa Kiingereza. Maandishi kuhusu muziki huu, kwa ujumla, yamewaendea wasioujua.

Redio, na kuchagua Kiswahili

Redio ilishika nafasi ya gazeti kwa ukamilifu zaidi. Sauti ya Kenya ilikuwa na Idhaa ya Taifa kwa Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na matangazo ya lugha nyingine, Kijaluo kikiwamo. Kadi za salamu zilizotumwa kwa redio zilikuwa pakruok ya bei nafuu: msikilizaji alijaza jina lake, mahali pake na orodha ya awasalimuo, kisha akangoja kusikia. Baada ya masafa kufunguliwa kwa vituo vya watu binafsi, Ramogi FM na vinginevyo vilitwaa desturi hiyo, kwa simu badala ya kadi. Katika kisiwa cha Mfangano kituo cha Ekialo Kiona kilianzishwa kwa azma ya kukipa Kisuba nafasi hewani; hapo hadhira ilikuwa ni watu ambao wengi wao walihitaji kufundishwa lugha ambayo redio iliwaita kwayo.

Mgawanyo huo wa idhaa ulizaa imani iliyokaa sana katika madarasa: wimbo wa Kijaluo ni wa Wajaluo, wimbo wa Kiswahili ni wa taifa. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilipoagizwa kupiga muziki wa Kenya kwa asilimia 75, agizo halikudumu, na moja ya matatizo lililolifichua ni hilo: muziki wa Kenya upi, wa lugha gani, kwa nani?

Ushahidi wa Nyanza ya Kusini hauiungi mkono imani hiyo kama ilivyo. Gabriel Omolo, Mjaluo, alipata umaarufu mkubwa katika miaka ya 1970 kwa Lunch Time, wimbo wa Kiswahili kuhusu wafanyakazi wa mjini na saa yao ya chakula. Kiswahili hapo kilichaguliwa na maudhui, kwani ndicho watu hao walichozungumza wakati huo wa mchana. Mfano wa Migori una uzito zaidi. Princess Jully aliiongoza Jolly Boys Band baada ya mumewe, Prince Jully, kufariki mwaka 1997, na wimbo uliomtambulisha kote nchini ulikuwa Dunia Mbaya, unaohusu ukimwi. Jina ni la Kiswahili. Ugonjwa ulikuwa umeenea sana katika miji ya ziwani na njia za malori, na Isebania ni mji wa njia ya malori. Onyo la Kijaluo peke yake lingewafikia majirani bila kumfikia dereva. Pamoja na hayo, Kiswahili kilimpa mwimbaji umbali kidogo: mambo ya kitandani na ya kifo, ambayo ni mazito kuyatamka katika lugha ya mama mbele ya wakwe, husemeka katika lugha ya watu wote. Wanaisimujamii wamelieleza jambo hilo kuhusu Kiingereza katika Afrika. Ni mara chache limeelezwa kuhusu Kiswahili.

Na jambo moja hukosekana kwa kawaida katika nyimbo za benga za Kiswahili: majina hupungua. Wuod na nyar hazina visawe vinavyokaa vizuri. Mwana wa na binti wa zipo, lakini zinamleta akilini mtu wa pwani, wala haziambatani na ramani ya Kadem na Karachuonyo. Mfadhili aliyetaka kutajwa alitaka kutajwa kwa Kijaluo. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili uliuzwa kwa wengi na kulipiwa na wachache, na wa Kijaluo aghalabu kinyume chake. Bendi yenye hekima ilirekodi zote mbili, upande A na upande B wa sahani moja.

Kadi za maktaba za sauti, pale zilipo, huandika mtungaji, bendi, kichwa cha wimbo na lugha. Kwa santuri za eneo hili hazitoshi. Kadi inapaswa kuonyesha pia kila jina lililotamkwa ndani ya wimbo, kwa tahajia ya Kijaluo, pamoja na mahali palipotajwa na dakika lilipotamkwa. Na pale ambapo mzee wa Rongo, Ndhiwa au Muhuru Bay anaweza kusema mtu huyo alikuwa mvuvi, karani au mwenye duka, hilo nalo liandikwe, likiwa na tarehe ya mahojiano.